Mtani wa Baba Yangu

Chiku alinipigia simu asubuhi nikiwa napiga pasi. Hakunisalimu wala hakulia. Alisema, "Mtani, mama katutoka. Njoo ufanye kazi yako." Kisha akakata, kama mtu aliyeagiza gunia la mkaa.

Kwa asiyejua mambo yetu, nieleze. Mimi kwa baba ni Mnyamwezi, na Bi Mwamvua, mama yake Chiku, alikuwa Mzaramo. Makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani, na kuwakuta wenyeji, kwa maneno yetu sisi, wamekaa barazani wanangoja ngoma ianze. Wao wanatuita wapagazi, sisi tunawaita wavivu, na kila upande unauita mwenzake mtumwa wake. Mtani hakasirikiwi. Na kwenye msiba wa mtani wako hulii. Unavaa nguo za marehemu, unaigiza mwendo wake, unachekesha watu mpaka waliofiwa wapate nguvu ya kumeza uji. Kulia ni kwa wenye msiba.

Kwa hiyo Chiku alikuwa ananiita nikachekeshe watu kwenye msiba wa mwanamke aliyemwokoa mama yangu, huku yeye akae mkekani alie mpaka akinai. Nilisimama na pasi mkononi, na kitu cha kwanza kilichonipanda kifuani, Mungu anisamehe, hakikuwa huzuni. Kilikuwa wivu.

Nina wivu, sikatai. Wapo wanaozaliwa na kifua, wapo wanaozaliwa na chango, mimi nilizaliwa na wivu, na Chiku ndiye aliyeuamsha.

Tulikuwa tunaishi Goba, wakati Goba bado ni mashamba ya mihogo na nyumba zisizopauliwa. Nyumba yetu ilikuwa juu kilimani, ya Bi Mwamvua chini yetu, na kutoka kwetu, kupitia kwake, mpaka bombani zilishuka ngazi za matairi ya gari. Baba ndiye aliyeyachimbia yale matairi ardhini, kwa mikono yake, ili majirani wasiteleze wakati wa mvua. Nataka hilo lijulikane kuhusu baba. Alikuwa fundi magari kule Ubungo, na mtaa mzima ulimpenda. Harusini alibeba viti, msibani alishika jembe kabla hajaombwa. Ungemuuliza mtu yeyote pale angekwambia Mama Nyamizi kapata mume. Nyamizi ni mimi.

Jumapili alishinda nyumbani na redio yake kubwa nyeusi. Zipo Jumapili alisikiliza mpira kwa sauti ya kawaida, kama watu wote. Zipo nyingine aliongeza sauti mpaka vikombe vikawa vinagongana kabatini. Siku hizo kwanza aliniita, akanipa hela na kunituma vocha kwenye duka la barabarani, lile la mbali, na chenji ikawa yangu. Mimi nilinunua ubuyu. Nilipanda kilima polepole nikinyonya kokwa moja moja, vidole vyekundu, na nikifika redio imeshashushwa na mama kalala chumbani kwa sababu ya kichwa. Mama yangu alikuwa na kichwa kibaya sana, hasa Jumapili. Wakati mwingine alijigonga mlangoni pia, maana mtu mwenye kichwa haoni vizuri anakokwenda. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa na hivyo ndivyo nilivyoamini.

Kwa hiyo nilizipenda Jumapili za sauti kubwa. Niliziombea. Nilikuwa na miaka minane, nikimtazama baba anavyokula wali wake wa mchana na kujiuliza leo ataongeza sauti au hataongeza.

Aliyekuwa ananiharibia ni Bi Mwamvua. Alikuwa mwanamke mnene, magoti yanamsumbua, na jino moja la mbele limekatika nusu. Alikuwa na genge la nyanya na vitunguu mbele ya nyumba yake, na sijui masikio yake yalikuwa yameumbwa vipi, maana redio yetu ikipanda tu, naye huyo anapanda ngazi. Tulikuwa tunakutana katikati, mimi nashuka na hela yangu, yeye anapanda anahema.

"Rudi, mpagazi. Nishike mkono, magoti yanakataa."

"Nimetumwa, Bi Mwamvua."

"Utatumika baadaye. Mnyamwezi na kutumwa, kwani kutaisha lini?"

Nilirudi naye, ningefanya nini, mkubwa kaniomba mkono. Akifika mlangoni anapiga kelele, "Hodi, wabeba mizigo! Hiyo redio mnaipigia Tabora?" Sauti inashushwa. Baba anafungua mlango kwa tabasamu, jasho usoni. "Karibu, Mzaramo. Leo hakuna ngoma mtaani, ndiyo maana njaa imekuleta?" Naye anasema kaja kuomba chumvi. Akipewa chumvi hatoki. Anakaa, anaomba maji, anaomba na kitunguu, yeye mwenye genge la vitunguu, anasimulia habari za watu nisiowajua mpaka jua linashuka. Baba ananiambia nirudishe ile hela. Ubuyu hakuna. Nilimchukia yule mama kwa udoezi wake, na nilimchukia zaidi kwa sababu mama yangu alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hakunitazama mimi.

Halafu akaanza kuchukua vitu.

Mtani ana haki hiyo. Anaingia kwako, anashika kinachompendeza, anasema mali ya mtumwa wangu ni mali yangu, anaondoka nacho. Ukikitaka unakikomboa kwa soda au kuku, mnacheka, yameisha. Bi Mwamvua alianza na sufuria la wali, mbele ya baba, mchana kweupe. Juma lililofuata ndoo. Kisha doti mbili za khanga za mama, kisha blanketi, na kila mara baba alicheka mpaka akashika ukuta. Siku moja aliona begi jeusi juu ya kabati akasema hilo ndilo analolitaka leo. Baba akasema, "Zito hilo, Mzaramo, utavunjika shingo, si mlizoea kubebewa?" Naye akasema, "Basi nitwishe, mpagazi, kazi ya babu yako si unaijua?" Baba akalishusha, akalinyanyua, akamtwisha kichwani kwa mikono yake mwenyewe. Akamshika na kiwiko kumteremsha ngazi asianguke.

Mama alikuwa amesimama jikoni anatazama. Mama ni Mmakua wa Masasi, utani huo haukumhusu. Kaka zake walikuwa huko huko Masasi, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilipokuwa mtu mzima ndipo aliponiambia kwamba kabla ya hapo alishakwenda kwa mama mkwe, akaambiwa avumilie, ndoa ndivyo zilivyo. Alishakwenda kwa mjumbe pia. Mjumbe akaja, baba akamchinjia kuku, wakala, wakacheka, na mjumbe alipoaga alimwambia mama ana bahati. Wa tatu, Bi Mwamvua, mama hakumwambia. Huyo alisikia mwenyewe, kwa redio.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba vitu vinatoka na havirudi, na kwamba mama hasemi kitu. Mpaka siku lilipochukuliwa gauni langu la Idi.

Lilikuwa la njano, lina utepe mpana wa kufunga nyuma, fundi alilishona kwa kunipima mara tatu. Nililivaa mara moja tu. Bi Mwamvua alipolitaja nilisubiri mama aseme hapana. Mama akaenda kabatini, akalitoa, akalikunja. Akalikunja vizuri, mikono ndani, utepe juu, jinsi anavyokunja nguo anazozipenda, akampa. Niligaragara chini. Mama akaniinamia akasema, "Nyamaza Nyamizi, ni utani tu," na baba akacheka. Chiku alikuwa amesimama mlangoni kumngoja mama yake. Chiku alikuwa na mdomo, hakuna aliyekuwa na mdomo kama wake Goba nzima, lakini siku hiyo alinitazama nikigaragara na hakusema kitu. Nikajua gauni ni lake.

Tangu hapo nikawa namchunguza mama. Baba akishakwenda Ubungo mama alikuwa anashuka zile ngazi na kikapu kama anakwenda gengeni, na alikuwa anakaa. Siku moja nilitoka shule mapema nikamfuata. Mlango ulikuwa wazi nusu. Mama alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, kichwa chake kwenye mapaja ya Bi Mwamvua, na Chiku alikuwa amepiga magoti pembeni, anachovya kitambaa kwenye maji ya moto na chumvi, anakamua, anamkanda mama yangu mgongoni. Alifanya taratibu, kama mtu aliyezoea. Mama alikuwa amefumba macho. Akamwambia, "Ahsante mwanangu."

Mwanangu. Mimi hakuwahi kuniruhusu nimguse mgongo. Nikimwambia nimkande kichwa chake kinachomuuma alikuwa anasema nenda kacheze. Nilirudi juu nikakaa kwenye tairi la mwisho, na sijawahi kuumia vile tena, hata mchumba wangu wa kwanza aliponiacha akamwoa rafiki yangu sikuumia vile. Mama amepata mtoto mwingine, nilijiambia. Anamhamishia vitu kidogo kidogo, na siku vitu vikiisha atahamia yeye.

Kwa kuhama nilipatia. Mengine yote nilikosea.

Jumapili hiyo, tukila, nikamwambia baba.

"Baba, Bi Mwamvua hatanii. Anaiba kweli."

"Eh?" Alikuwa bado anacheka. "Kwa nini unasema hivyo, mama?" Alikuwa ananiita mama, maana nimepewa jina la mama yake.

"Vitu havirudi. Begi halipo kwao, nimechungulia, halipo. Na gauni langu kapewa Chiku, na mama ndiye aliyelikunja. Na mama kila siku yuko kule."

Baba akaacha kutafuna. Mama alikuwa anamimina maji kwenye bilauri, na maji yakajaa yakamwagika mezani, naye akaendelea kumimina. Hakuna aliyemwambia aache. Baba akanawa mikono, kidole kimoja kimoja, akatabasamu, akanishika mkono. "Twende tukakomboe," akasema.

Bi Mwamvua alikuwa gengeni anachambua nyanya. Kwenye benchi walikaa watu watano au sita, Jumapili hiyo, watu hawana kazi. Alimwona baba, akaona mkono wangu ndani ya mkono wake, akaniangalia usoni. Sidhani kuelewa kulimchukua muda zaidi ya kuweka nyanya moja chini.

"Mtani," baba akasema, "nimekuja kukomboa. Nionyeshe mali yangu yote."

"Haya! Mtumwa kaja kukomboa!" Aliisema kwa sauti ya kuita mtaa. "Njooni mwone, Mnyamwezi kapata hela! Chiku! Chiku wee! Vaa gauni la mtumwa utoke nalo!"

Tukangoja. Chiku alikawia kidogo, kisha akatoka amevaa gauni langu. Lilikuwa limembana, alikuwa mkubwa kuliko mimi, na alipoinua mkono kwapa likatatuka, lakini alitembea mbele ya benchi mkono kiunoni, anageuka, anarudi, na watu wakampigia makofi. Baba akauliza ndoo iko wapi. "Chooni, nenda kaichukue na kilichomo." Blanketi? "Kalizalia mbuzi." Na begi?

"Begi nimelila! Nimelipika kwa nazi, nimelila na wanangu! Nenda kanishitaki kwa mjumbe, mtumwa uliyetoroka msafarani!"

Watu walianguka kwa kicheko. Mzee mmoja alitoka benchini akakaa chini kabisa. Baba naye akacheka, angefanya nini, mtu akikasirikia utani atasemwa Goba nzima mpaka Ubungo. Aliwaona watu aliowabebea viti, akacheka nao. Lakini mimi nilikuwa nimeshika mkono wake, na mkono haukuwa unacheka.

Nami wala sikuujali. Nilikuwa namtazama Chiku. Lile gauni lilimpendeza. Rangi ya njano ilimkaa, hata lilipotatuka lilimkaa, na mimi siku ya Idi sikupigiwa makofi na mtu.

Tulirudi juu. Baba akanipa hela ya vocha, akaingia ndani, akafunga mlango, na redio ikapanda kuliko siku zote. Nikashuka nikilia kwa ajili ya gauni. Kwenye ngazi nikamkuta Chiku, bado amelivaa.

"Unakwenda wapi?"

"Dukani. Vua gauni langu."

"Redio hiyo unajua ya nini?"

"Ya mpira."

"Leo hakuna mpira," Chiku akasema. "Sikiliza."

Nikasikiliza. Yalikuwa matangazo ya vifo. Mtangazaji alikuwa anasoma majina ya watu waliofariki na ya ndugu wanaopewa taarifa popote walipo, kwa sauti ya kupasua bati. Hakuna binadamu anayefungulia matangazo ya vifo kwa sauti hiyo.

"Anampiga mama yako," Chiku akasema. "Watu wote tunajua. Wewe tu ndiyo hujui."

Nilimrukia. Nilimkwaruza shingoni na kuivuta ile kola ya njano, na sikumkwaruza kwa sababu nilidhani ni mwongo. Nilimkwaruza kwa sababu alijua kabla yangu. Mama yangu, mgongo wa mama yangu, siri ya mama yangu, na aliyekuwa nayo ni yeye. Chiku hakunirudishia. Alijinasua akakimbia chini anapiga kelele, "Mama! Mama, redio!"

Bi Mwamvua hakuja kuomba chumvi siku hiyo. Alitoka na sufuria letu la wali na mwiko, akaanza kulipiga. Alilipiga kama mdundiko, ile ngoma ya Kizaramo inayotembea barabarani na kuzoa kila inayemkuta njiani. Fundi cherehani akatoka na sinia. Mama wa maandazi akatoka na mfuniko, unga mikononi. Wakaja wanawake kumi, wakaja ishirini, wengine kwa kujua, wengine kwa kusikia ngoma tu, wakapanda ngazi za baba, tairi kwa tairi, wanaimba maneno aliyoyatunga Bi Mwamvua palepale, kwamba Mnyamwezi kaokota mzigo si wake, autue, autue. Magoti yake yalipanda siku hiyo. Uwanja wetu ukajaa vigelegele, na matangazo ya vifo hayakusikika tena.

Baba akafungua. Aliweka tabasamu, lakini lilichelewa kidogo, na mimi nililiona likija. Wanawake hawakungoja kukaribishwa. Wakampita wakicheza, wakaingia ndani, wakatoka na mama katikati yao. Alikuwa amejitanda khanga mpaka machoni, mkono mmoja ameushika kifuani kwa mkono wa pili. Walimzunguka wakimzibia kwa miili yao, viuno vinacheza.

"Tumemteka!" Bi Mwamvua akapaza sauti. "Tumemteka mke wa mtumwa! Akimtaka aje na ng'ombe!"

Wanaume walikuwa wameshajaa njiani wanatazama, wanacheka, wanampigia baba miluzi. Baba alisimama mlangoni kwake. Angeweza kuushika ule mkono na kumrudisha mama ndani, lakini ingembidi akasirike mbele ya watu, na hicho ndicho kitu pekee ambacho hakuwahi kukifanya maishani mwake.

"Nitakuja kesho kukomboa!" akasema, na watu wakashangilia.

Chiku alinishika mkono akanivuta ndani ya ngoma. Tuliposhuka matairi matatu nikageuka. Baba aliinua mkono akanipungia. Nami nikampungia. Hilo sijamwambia mama mpaka leo.

Barabarani ngoma ikanyamaza kama imekatwa kwa kisu. Fundi cherehani akasimamisha bajaji. Mama alikuwa na kifurushi kidogo tu chini ya khanga, mswaki na dawa zake, alishakifunga siku nyingi, na Bi Mwamvua akakichukua akakiweka kichwani hata kabla bajaji haijasimama vizuri. "Leo Mzaramo ndiye mpagazi," akasema, na mama akacheka, na kucheka kukamuumiza mkono. Kituoni kulikuwa na dawati la kina mama na watoto, na askari wa kike ambaye kwanza alimuuliza mama kama amekula. Aliandika yote bila haraka, akatupa fomu ya matibabu. Mkono ulikuwa umevunjika. Baba alipoitwa, siku chache baadaye, alieleza kwa adabu kwamba yale yalikuwa utani wa makabila. "Utani nitauelewa, mie mwenyewe nina watani," yule askari akamwambia. "Mfupa ndiyo uniambie ni kabila gani."

Hakuja na ng'ombe. Kesi ilikwenda mwendo wake, akafungwa kwa muda, na alipotoka akarudi kwao Tabora. Alichoniachia mimi ni utani.

Usiku ule wa ngoma tulilala Mwananyamala, kwenye chumba alichotutafutia Bi Mwamvua karibu na mdogo wake. Mama akawasha taa, na nikaona ndoo yetu. Nikaona blanketi limetandikwa. Khanga za mama zimening'inizwa kwenye kamba, na begi jeusi liko pembeni. Mama akalifungua kwa mkono mmoja. Ndani kulikuwa na sare yangu ya pili ya shule, cheti changu cha kuzaliwa, viatu vyangu, kijiko changu chenye mpini wa bluu. Hakuna kilichokuwa cha Chiku. Bi Mwamvua alivipeleka pale kimoja kimoja, na magoti yale, tangu Goba.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza mama.

Akafikiri. "Ungemwambia baba yako," akasema. Hakusema kwa ubaya. Na ilikuwa kweli, nilishamwambia.

Juma lililofuata Chiku na mama yake walituletea chakula, na gauni langu, limefuliwa, kwapa limeshonwa kwa uzi wa njano uliokaribia rangi yenyewe. Mbele yao nilisema ahsante. Walipoondoka nikalichana, nikalifanya tambara la kudekia. Mama hakunipiga wala hakunigombeza. Aliuokota utepe akauweka kwenye begi.

Kwa hiyo nilikwenda msibani, kule kule Goba. Mama nilikwenda naye, akakaa kwenye mkeka bega kwa bega na Chiku, na ule mkono ambao haujanyooka vizuri mpaka leo akamzungushia mgongoni, na wote wawili wakalia. Mmakua anaruhusiwa. Mimi nikaingia chumbani kwa marehemu, nikavaa dera lake, nikavaa ndala zake zilizolika upande mmoja, nikaweka mto tumboni. Nikachechemea mpaka mlangoni.

"Hodi, wabeba mizigo! Chumvi ipo?"

Ukumbi ulipasuka. Wazee waliomkumbuka walipiga mapaja. Nikaomba maji, nikaomba kitunguu, nikasimulia habari za watu wasiojulikana, nikamtukana marehemu kwa uvivu, kwamba hata kufa kafa amelala. Kila mtu alicheka isipokuwa Chiku. Nikaingia jikoni kutafuta cha kuchukua, maana mtani hatoki mikono mitupu, na kwenye rundo la vyombo nikaliona sufuria letu. Nililijua kwa kitako chake, chote kimebonyea kwa mwiko. Nikatoka nalo nikalipiga mara mbili tatu. Nikafungua mdomo niimbe yale maneno ya mzigo, yakagoma kutoka. Nikasimama katikati ya watu nimevaa mto, nalia kwa sauti.

"Mtani analia! Faini!" wanawake wakapiga kelele, na wana haki. "Mnyamwezi abebe maji!"

Nikabeba ndoo nikashuka bombani, chini ya zile ngazi. Matairi bado yapo. Nikafungulia, nikakaa kwenye tairi la chini kabisa kungoja ndoo ijae, na nikasikia mtu anashuka nyuma yangu. Chiku alikuwa amejitanda khanga, macho yamevimba. Mwenye msiba hatakiwi kutoka mkekani, lakini alitoka, akakaa tairi la juu yangu. Tukayatazama maji.

"Chiku."

"Naam."

"Lile gauni."

"Gauni gani?"

"Usijifanye."

Alijifuta pua kwa ncha ya khanga. Ndoo ikajaa, ikaanza kufurika, na hakuna aliyefunga bomba.

"Lilikupendeza kuliko mimi," nikasema. Ilinichukua miaka yote hiyo.

Chiku alicheka. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe, kwa meno na kwa pua, mpaka wanawake kule juu wakachungulia.

"Najua," akasema. "Mama kaniambia nivae nitoke mbio, baba yako yuko nje. Nikasimama kwanza kwenye kioo."